Chumba cha Mikono Saba

Mtongwe, Likoni
7 Februari 1988

Baba yangu Mzee Boga,

Shikamoo. Naileta shikamoo hii kwa magoti, maana najua kinyongo hakijakutoka. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mjukuu wako Mwanarehema ametimiza miaka miwili, na tulivyompa jina la marehemu mama, basi amechukua na ulimi wake, hanyamazi kutoka alfajiri hadi alale. Bi Dhahabu wa nyumba ya pili anakusalimu sana. Mguu wake bado wamsumbua, mdomo wake haujapata kuumwa hata siku moja.

Lililonishikisha kalamu ni nyumba. Nyumba ya mama imechoka, baba. Masika yaliyopita ukuta wa nyuma ulimeguka, tukaziba kwa magunia. Sasa mimi na mume wangu tumeamua kuutoa udongo kidogo kidogo na kuipandisha kwa mawe, tena tuongeze chumba kimoja upande wa jikoni. Fundi hatuweki. Tutajenga sisi wawili, yeye akitoka kazini na mimi nikimaliza shughuli zangu.

Sababu unaijua. Siku ya harusi yangu ulisema mbele ya watu, "Sikanyagi nyumba ya mwanamume asiyejua kushika mwiko," na asubuhi yake ukapanda basi la Tanga. Mwaka wa tatu huu. Rashid hajayasahau maneno yale, wala mimi. Anataka kuushika mwiko, lakini hana wa kumfundisha, na mimi nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukuletea maji tu. Tufundishe kwa barua, baba. Na nyumba ikisimama, uje uikanyage.

Nina hamu nawe mpaka najiona mjinga.

Bintiyo,
Mwanatabu


Ngamiani, Tanga
2 Machi 1988

Mwanatabu binti yangu,

Marahaba. Magoti hayo yainue, utayahitaji kwa kuchanganya saruji. Mimi mzima. Kazi zipo, siku hizi nakaa zaidi kuwaelekeza vijana. Mwanarehema mbusu, na ulimi wake muacheni nao, bibi yake aliniongoza kwa ulimi huo huo miaka ishirini na sita na sikupotea. Dhahabu mwambie apake mafuta ya nazi na chumvi. Mguu, si mdomo.

Ati karani kutoka bara ajenga! Haya, tumeishi tumeona. Mikono iliyozoea kupiga mihuri bandarini leo ibebe mawe ya Tiwi. Mwambie asikilize vizuri.

Kwanza msingi. Chimbeni mpaka sururu ilie. Ikiwa yasema "tifu, tifu," bado mko kwenye mchanga. Mchanga wa kujengea msiutoe Shelly Beach hata kama mtapewa bure, una chumvi, ukuta utatoka jasho mpaka kiyama.

Pili, kipimo. Msitumie futi ya dukani. Nyumba ile niliipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na chumba kipya kikipimwa kwa kitu kingine hakitapatana na kuta za zamani. Kiwe mikono saba kwa mikono saba.

Tatu, chokaa. Huchemka ikiguswa na maji, basi mkiizima tieni maji kidogo kidogo, msimame upande upepo unakotoka, wala mtu asiiname juu ya pipa. Narudia, asiiname. Kitu kikianguka karibu na pipa, kiacheni. Na karani mwambie hivyo hivyo.

Andika kwa herufi kubwa, kalamu yako haina nguvu.

Sikusema nitakuja. Nimesema chimbeni.

Babako,
Boga


Mtongwe
20 Juni 1988

Baba yangu,

Shikamoo na Idi iliyopita. Nisamehe kuchelewa, Ramadhani na masika vilikuja pamoja, kila tulichochimba mvua ilitujazia. Mwanarehema alipata surua, amepona. Na herufi hizi zikuenee, nimeziandika kubwa kama za bango la sinema.

Sururu ililia! Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri, Rashid akapiga kelele mpaka Bi Dhahabu akatoka mbio akidhani ni nyoka. Alipoambiwa ni jiwe akasema, "Wallahi karani huyu amepata wazimu, ashangilia mwamba." Viganja vyake vilipasuka wiki ya kwanza, kazini wakamcheka kwa kuwa alishika kalamu kwa vidole viwili. Sasa vimekuwa vigumu. Chokaa tuliizima tukiwa mbali nayo kama wanaolisha simba.

Ukuta umefika kiunoni. Lakini baba, kuna jambo. Juzi tuliingiza kitanda cha mama, kile cha kamba, kupima kitakaavyo. Kitanda kikiingia, mlango hautafunguka. Mlango ukifunguka, kitanda kilale nje. Nimepima tena na tena, ni mikono saba kamili. Mimi ndiye niliyepima, Rashid alikuwa ameshika uzi. Tumekosea wapi?

Na lini utapata nafasi? Jibu hata hilo moja.

Mwanatabu


Ngamiani
15 Julai 1988

Binti yangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Mikono saba ya nani, Mwanatabu? Umepima kwa kimkono chako hicho ulichorithi kwa mamako, ambacho hakikuwahi kufika rafu ya juu! Niliposema mkono nilisema mkono wa aliyeijenga nyumba. Hapo mmepungukiwa karibu mikono miwili yako. Kosa ni langu pia, nilisahau kwamba sipo hapo.

Bomoeni ukuta wa upande wa jikoni na mmoja wa ubavuni, mzisogeze zote mbili. Kuta zinazobaki, ziongezeni kwa kadiri hiyo. Karani akinung'unika mwambie mimi nimebomoa kuta zangu zaidi ya alizoziona yeye.

Ndani ya bahasha kuna uzi wa timazi. Una mafundo manane. Kutoka fundo hadi fundo ni mkono wangu, kiwiko hadi kidole. Zipo nafasi saba, msihesabu zaidi wala kupunguza. Usiulowanishe, utafupika.

Mwandiko huu si wangu, ni wa jirani yangu Fondo, mtu mwema. Nyundo ilinipiga kidole.

Ukiniandikia, nieleze ukuta jiwe kwa jiwe. Usiniambie "ni mzuri." Mzuri si neno la fundi.

Babako


Mtongwe
4 Septemba 1988

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mzee Fondo naye nampa shikamoo yake, na shukrani. Kidole kimepona? Huku ni wazima, mtoto anaota magego na nyumba nzima yalia naye.

Uzi ulifika. Niliunyoosha juu ya mkeka, nikalaza mkono wangu kati ya fundo na fundo, vidole vyangu vikaishia mbali na mwisho. Nilikuwa nimesahau ulivyo mrefu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinivusha kwenye kivuko umenishika bega kwa mkono huo, na mimi nikalia peke yangu, mchana kweupe, sufuria ikiungua. Baba, miaka mitatu ni mingi.

Rashid hakunung'unika. Aliusoma waraka wako, akavua shati la kazini, akaanza kubomoa siku ile ile. Alisema, "Afadhali kosa la kiunoni kuliko kosa la paani." Tulisafisha kila jiwe, hatukuvunja hata moja.

Sasa nakueleza. Ukuta wa kulia ukiingia una mistari kumi na miwili. Ule wa chini una mawe makubwa, Rashid aliyachagua yenye uso mbaya ili yajifiche, nami nikamwambia wewe huyaona hata yaliyojificha. Maungio ni unene wa kidole. Pembe tumezifunga jiwe kwa jiwe, moja likitazama huku, la pili kule. Mstari wa tano, jiwe la sita kutoka mlangoni limepinda, latokeza upana wa kucha. Nilitaka kuling'oa. Rashid akasema liache, baba yako akija akakosa la kulaumu atakosa raha.

Nimekuficha jambo moja, sasa nalisema. Chumba hiki ni chako. Ndiyo maana tuliingiza kitanda cha mama. Njoo ukae nasi, baba. Kufa na kupona tuwe pamoja.

Mwanatabu


Ngamiani
30 Oktoba 1988

Binti yangu,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza hapa, huko nadhani pia. Mwanarehema mtafunisheni kipande cha muwa, magego yatatoka yenyewe.

Barua yako ilifika. Fondo amenisomea mara mbili, na pale pa jiwe lililopinda nilimwambia arudie mara ya tatu. Karani amesema kweli. Liacheni.

Kuhusu paa, kama mwapata mabati yawekeni, lakini chini yake acheni mwanya juu ya kuta, joto lipate pa kutokea. Boriti zisikae juu ya jiwe tupu, zilazwe kwenye zege. Linta ya mlango, ile boriti ya juu yake, iwe ndefu, ivuke mlango mkono mmoja kila upande. Wangu.

Kisha sikiliza. Kuta za ndani za chumba kipya cha upande wa jikoni msizipige plasta. Vyumba vingine fanyeni mtakavyo. Hicho kibaki mawe mpaka niseme.

Sina zaidi. Kazi ni nyingi.

Babako


Mtongwe
12 Desemba 1988

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Mabati yamepanda, ikinyesha hatusikilizani ndani, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomnyamazisha mjukuu wako.

Vyumba viwili tumepiga plasta na chokaa, vyang'aa. Chako ni mawe matupu kama ulivyosema. Bi Dhahabu amekwisha kututangaza hadi kivukoni kwamba saruji imetuishia na akili imefuata. Rashid alikuwa na mwiko mkononi, tayari, nikamwambia baba amekataza. Hakuuliza kwa nini. Ameuosha akautundika. Mimi ndiye ninayeuliza.

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa. Hukusema neno moja kuhusu chumba kuwa chako. Na umesema Mzee Fondo amekusomea. Baba, nyundo ikikupiga kidole utashindwa kuandika, hilo nakubali. Kusoma je? Kidole hakisomi barua. Na kidole gani hiki kisichopona miezi mitano?

Mimi ni mtoto wako, si mtu wa kando. Kuna nini?

Mwanatabu


Mtongwe
9 Februari 1989

Baba,

Shikamoo. Miezi miwili kimya. Kila siku nauliza kwa wanaokwenda posta. Kama nimekukosea kwa maneno yangu nisamehe, ulimi nimeurithi. Kama waumwa, sema nije. Kama ni Rashid bado, sema pia, lakini sema.

Chumba bado ni mawe. Jioni jua likiingia dirishani naingia na kuketi pale peke yangu.

Mwanatabu


Ngamiani
1 Machi 1989

Mwanatabu mwanangu,

Marahaba, mama. Hukunikosea. Barua mbili nilimwandikisha Fondo na zote mbili nilimwambia azichane, masikini ya Mungu akazichana. Hii nimemwapisha aipeleke posta hata nikimkataza.

Mwezi wa Novemba, mwaka mmoja na zaidi baada ya harusi yako, nilikuwa nikizima chokaa. Mwiko wangu ukaanguka kando ya pipa. Miaka thelathini nimewaambia vijana wasiiname, na mimi nikainama, kwa sababu mwiko ule nilikuwa nao tangu kabla hujazaliwa. Pipa likachemka likanirukia usoni. Jicho la kulia lilikwenda siku ile ile. La kushoto likawa linakufa taratibu. Barua yako ya kwanza niliisoma mwenyewe, siku tatu, nimeisogeza hadi puani. Ya pili, ile ya herufi za sinema, sikuona ila wino. Sasa naona mwanga wa mlango tu, na saa nyingine hata huo siuoni. Vijana siwaelekezi. Nakaa barazani kwa Fondo nikisikiliza wakikosea.

Nilisema mbele ya watu kwamba sikanyagi nyumba ya mwanamume asiyejua kushika mwiko. Leo asiyeweza kuushika ni mimi. Nije kwa uso gani? Nishikwe mkono kama mtoto mlangoni kwa mtu niliyemtukana kwenye harusi yake? Nisikie Dhahabu akisema, "Masikini Boga"?

Plasta niliwakataza kwa sababu plasta huficha kazi ya mtu. Nilitaka siku moja niupitishie ukuta ule viganja vyangu, ndiyo macho niliyobaki nayo, niione kazi ya Rashid jiwe kwa jiwe. Nimelala na kuamka na ukuta ule. Mistari kumi na miwili naijua kwa moyo. Lakini naona aibu yangu ni kubwa kuliko hamu yangu. Basi pigeni plasta, mwanangu, msiishi kwenye magofu kwa ajili yangu. Na mwambie Rashid kwamba mtu aliyekubali kubomoa ukuta wa kiunoni bila kununa ni fundi, hata akifa karani.

Nisamehe.

Babako,
Boga


Mtongwe
19 Machi 1989

Baba yangu,

Shikamoo. Sitaanza na habari za nyumbani leo, watu wote wazima na imetosha.

Nililia sana, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Ungejaribu kutuambia, baba! Miaka miwili umekaa gizani kwa ajili ya neno la harusini ambalo wageni wote wamekwisha kulisahau, wanakumbuka pilau tu. Rashid nilimpa barua aisome mwenyewe. Alipofika ulipomtaja kwa jina aliurudia mstari ule, akatoka nje akanawa uso kisimani. Aliporudi akauliza kitu kimoja, "Uzi uko wapi?"

Plasta hatupigi. Na hapa nisikilize wewe kama nilivyokusikiliza mimi.

Rashid ameomba ruhusa kazini. Ijumaa ya tarehe thelathini na moja atakuwa Ngamiani kukuchukua, Ramadhani iandame ukiwa kwako. Ukikataa atakaa barazani kwa Mzee Fondo mpaka ukubali, na ruhusa yake ni ya siku kumi na nne, basi angalia mwenyewe. Atakuleta hadi kibarazani. Hapo atakuachia. Mimi nitakuwa jikoni nachoma samaki, Bi Dhahabu nimemwambia akitamka neno "masikini" nitamtia mkaa mdomoni, na ameapa kwa Mungu.

Kutoka kibarazani hadi mlango wa chumba chako ni mikono kumi na minne, moja kwa moja, hapana ngazi. Rashid aliiondoa wiki hii, amepajaza mawe akapasawazisha. Ukigusa mwimo wa mlango, nyosha mkono wa kulia, utakutana na ukuta. Ufuate taratibu, hapana haraka, hapana mtu anayekutazama. Mstari wa tano uko usawa wa kifua chako. Hesabu mawe. La sita ni lile lililopinda. Likaripie upendavyo. Ukiwa umelishika, kitanda cha mama kiko mkono mmoja mbele yako, mto upande wa dirisha.

Yote tumeyapima upya kwa uzi wako, fundo kwa fundo. Si wangu mkono wala wa Rashid. Ndani ya nyumba hii, baba, hakuna atakayehitaji kukushika.

Bintiyo,
Mwanatabu